UZI: Kripto kama pesa ya matumizi ya kijana wa sekondari. Inafaa ama ni kujitafutia shida?

1/ Wadau wa Kesses na kwingineko, leo tunachambua hoja ambayo haikosi kuzuka wanasiasa wakianza kuongea juu ya vijana na "uchumi wa kidijitali". Swali ni hili: kijana wa miaka 13 hadi 17 apewe pesa yake ya matumizi kwa kripto? Kanuni zetu ni zilezile. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafuata hoja, halafu tunafuata pesa. Uzi ni mrefu, jiwekee chai kwanza.

2/ Kwa nini Kesses? Kwa sababu pande zote za mjadala huu zinakutana hapa kwetu. Tuko na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, kwa hivyo vijana wenye simu nzuri na muda wa kujaribu vitu hawakosi. Tuko na wazazi wanaohesabu karo kwa debe la mahindi na lita ya maziwa. Na tuko na familia nyingi zenye mtu ng'ambo: mkimbiaji, muuguzi, dereva, mwanafunzi. Mtoto wa Cheptiret anaweza kuambiwa na binamu yake aliye Marekani, "Fungua pochi ya kripto nikutumie kitu kidogo." Mama anaulizwa jioni hiyohiyo. Atajibu nini?

3/ Tuelewane maneno kwanza, kwa sababu kwa mikutano ya kisiasa yanachanganywa makusudi. Kripto ni mali inayoandikwa kwenye daftari moja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani kwa pamoja, bila benki kuu inayolisimamia. Bitcoin ndiyo ya kwanza, ilianza Januari 2009. Bei yake inapandishwa na kushushwa na wanunuzi na wauzaji tu. Halafu kuna kripto zilizofungwa kwa dola, kama USDT, ambayo moja inalenga kubaki sawa na dola moja. Hizi mbili usiziweke kapu moja. Tutaona sababu.

4/ Na pesa ya matumizi je? Hii ni ile ya nauli, bando, sabuni, pedi, fotokopi, smokie baada ya masomo. Ni pesa ndogo, inatumika haraka, na mwenye kuitumia bado anajifunza. Kwa hivyo tunaipima kwa maswali manne: Je, kesho itakuwa na thamani ileile? Inakubalika dukani? Gharama ya kuifikisha ni ngapi? Na ikipotea, kuna mahali pa kulalamika? Twende moja baada ya jingine.

5/ SWALI LA KWANZA: THAMANI. Novemba 2021 bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmodi baadaye, Novemba 2022, ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 16,000. Mtu aliyeweka elfu moja pale juu alibaki na kama robo. Tuwe waungwana pia: Desemba 2024 bei ilivuka dola 100,000. Aliyevumilia alipona, na akapata faida.

6/ Lakini kuvumilia miaka mitatu ni jambo la mtu anayeweka akiba. Kijana anayehitaji nauli ya kutoka Kesses hadi Eldoret Ijumaa hawezi kumwambia kondakta angoje bei ipande. Hapa ndipo wanasiasa wanatupoteza: mmoja anatoa mfano wa aliyepata faida, mwingine wa aliyepoteza, na wote wawili wanaongea juu ya uwekezaji. Swali letu ni matumizi. Pesa ya matumizi ikipanda ni shida pia, kwa sababu kijana ataanza kuikalia badala ya kununua alichotumwa kununua.

7/ Mtasema, "Basi tumia ile ya dola, haiyumbi." Haiyumbi kwa dola, sawa. Lakini chapati ya Kesses inauzwa kwa shilingi. Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 129. Aliyekuwa na USDT 10 mwanzoni alikuwa na shilingi 1,600. Miezi michache baadaye USDT zilezile 10 zilikuwa kama shilingi 1,290. Karibu moja ya tano imeenda, na hakuna mtu aliyeiba chochote.

8/ Ni kweli shilingi inaweza kwenda upande ule mwingine pia, na ilivyokuwa ikianguka 2022 na 2023 wenye dola walicheka. Hoja ni kwamba yeyote anayeshika dola na kununua kwa shilingi amebeba hatari ya bei ya dola, atake asitake. Mfanyabiashara anayeagiza bidhaa Dubai ana sababu ya kuibeba. Mtoto wa kidato cha pili anayenunua sabuni hana.

9/ SWALI LA PILI: INAKUBALIKA? Tembea kutoka geti la chuo hadi madukani hapo Kesses. Lipa kwa M-PESA, kila mahali. Pesa taslimu, kila mahali. Kripto? Utaangaliwa tu. Kwa hivyo kripto ya kijana lazima igeuzwe shilingi kabla haijanunua kitu. Na kama lazima igeuzwe kila mara, basi pesa anayotumia kikweli bado ni shilingi. Kripto imekuwa kituo cha katikati njiani, na kila kituo kina mtu wa kulipwa.

10/ Kuna mahali Kenya imejaribiwa kama pesa ya kila siku? Ndiyo, na ni haki tuseme. Kibera, upande wa Soweto West, mradi wa AfriBit Africa umekuwa ukiwalipa vijana wa kuzoa taka kwa bitcoin, na baadhi ya wauzaji hapo wanaipokea. Angalia ilivyofanyika lakini: waliwaandaa wauzaji pia, wakafundisha watu, na wanaolipwa ni watu wanaofanya kazi. Kuna hata programu kama Tando inayokuwezesha kulipa kwa bitcoin na muuzaji apokee shilingi kwa M-PESA. Kwa hivyo "haiwezekani kabisa" ni uongo. "Tayari iko kila mahali" nayo ni uongo.

11/ Na kwa nchi nzima? El Salvador ilifanya bitcoin kuwa pesa halali ya nchi Septemba 2021, na wafanyabiashara wakatakiwa kuipokea. Januari 2025 sheria ikabadilishwa, kuipokea ikawa hiari, baada ya makubaliano ya mkopo na IMF. Serikali ilikuwa na nguvu zote za sheria na bado wananchi wengi waliendelea kununua mkate kwa dola. Mwanasiasa akikuahidi kwamba atailazimisha hapa, muulize kuhusu El Salvador.

12/ SWALI LA TATU: GHARAMA. Hapa tufanye hesabu, kwa sababu ndipo hoja nyingi zinaanguka. Kwa bei za M-PESA za miaka hii, kumtumia mtu shilingi 500 kunakugharimu shilingi 7. Shilingi 1,000 ni shilingi 13. Kijana akitoa kwa wakala kiasi chochote kati ya 101 na 2,500, anakatwa 29. Watu wanalalamika kuhusu hizo 29, na wana haki. Sasa linganisha.

13/ Kutoa USDT kutoka jukwaa kubwa la kripto kwenda pochi nyingine mara nyingi kunakula karibu dola moja, kulingana na mtandao unaotumia. Tuiweke shilingi 129. Mzazi akituma shilingi 500, robo imeenda kabla kijana hajaiona. Akituma 1,000, karibu asilimia 13 imeenda. Halafu kijana atamuuzia mtu kripto hiyo ili apate shilingi kwa simu, na mnunuzi naye anakata chake kwenye bei. Halafu akitaka taslimu, zile 29 za wakala zinamngoja palepale.

14/ Sasa geuza hesabu hiyohiyo. Yule binamu wa Marekani anatuma shilingi 20,000 ya karo. Dola moja kati ya hizo haifiki hata asilimia moja. Njia nyingine za kutuma pesa kutoka nje mara nyingi zinakata zaidi ya hapo. Hapa kripto ina hoja ya maana kabisa, na si jambo dogo: Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Kila asilimia inayookolewa hapo ni karo ya mtu.

15/ Kwa hivyo kumbukeni hili hata mkisahau mengine yote: ukubwa wa pesa na umbali wake ndivyo vinaamua. Pesa kubwa kutoka mbali, kwa mtu mzima anayejua anachofanya, kripto inaweza kusaidia. Pesa ndogo kutoka jikoni hadi bwenini, inakula mtoto. Mwanasiasa akitumia mfano wa kwanza kutetea wa pili, amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

16/ SWALI LA NNE: IKIPOTEA JE? Umetuma M-PESA kwa nambari isiyo yako, unapiga simu, kuna utaratibu wa kuomba irudishwe. Haifaulu kila mara, lakini mlango uko. Kripto ikienda anwani isiyo sahihi, imeenda. Ukipoteza yale maneno 12 au 24 ya siri ya kufungulia pochi yako, hakuna ofisi Eldoret wala Nairobi itakufungulia. Watu wazima wamepoteza mali hivyo. Mtoto anayepoteza kalamu tatu kwa wiki tumpe funguo za namna hiyo?

17/ Na ukiacha kripto yako kwa jukwaa likutunzie, basi unaliamini jukwaa. FTX lilikuwa moja ya makubwa duniani na lilianguka Novemba 2022, wateja wakafungiwa nje ya pesa zao. Aprili 2025 huko Nigeria, CBEX iliyoahidi kuzidisha pesa za watu ilifunga milango na watu wakabaki wanalia. Sisi wenyewe tuna kumbukumbu: DECI na upatu wa miaka ya 2006 na 2007 ulinyoa wazazi wa Kenya bila kripto yoyote. Nguo zimebadilika, mwizi ni yuleyule.

18/ Sasa SHERIA, kwa sababu hapa ndipo kelele ni nyingi. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilionya umma kwamba bitcoin na zinazofanana nayo si pesa halali nchini na haidhaminiwi na yeyote. Wengine wakasikia "imeharamishwa". Haikuharamishwa. Kilichosemwa ni kwamba ukiungua, hakuna wa kukufidia. Miaka mingi tukaishi hapo katikati: haikukatazwa, haikusimamiwa.

19/ Lakini kodi haikungoja usimamizi. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 kulikuwa na kodi ya asilimia 3 kwa thamani ya mali ya kidijitali inayohamishwa. Soma tena: kwa thamani, wala si kwa faida. Ukiuza kwa hasara, bado unadaiwa. Sheria ya Fedha ya 2025 iliiondoa, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwa ada zinazotozwa na watoa huduma. Kwa hivyo akija mtu kukuambia "serikali inachukua asilimia 10 ya kripto yako", msahihishe: ni ya ada. Bado ni gharama inayokufikia wewe, lakini si kitu kimoja.

20/ Halafu mwaka huohuo wa 2025 ikaja sheria ya kusimamia watoa huduma wa mali za kidijitali. Ilitiwa saini Oktoba, ikaanza kufanya kazi Novemba. Inawagawia kazi wasimamizi wawili, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na Novemba hiyohiyo wasimamizi hao walitoa tangazo kwamba walikuwa hawajampa mtu yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Maana yake kwako: anayekuonyesha "leseni", mwulize ni ya nani na ya lini, kisha kaiangalie mwenyewe kwa msimamizi. Kuwa na sheria ni jambo moja. Kulindwa nayo ni jingine.

21/ Na kijana wa miaka 16? Kenya mtu mzima ni wa miaka 18. Majukwaa makubwa yanataka mteja wa miaka 18 na kitambulisho. Kwa hivyo kijana akitaka akaunti huko ana njia moja tu: kitambulisho cha mtu mwingine. Cha kaka, cha mama, cha jirani aliyelipwa mia mbili. Hapo ndipo shida ya kweli inaanza, na huwezi kuisikia jukwaani.

22/ Fikiria hivi. Kaka amesajili akaunti kwa jina lake, mdogo wake anaitumia kuuza USDT mtu kwa mtu. Anayenunua anamtumia shilingi kwa M-PESA. Kumbe shilingi hizo zimeibwa kwa mtu mwingine kwa njia ya simu. Mwenye kuibiwa analalamika, laini inafungwa, na jina linalotafutwa ni la aliyesajiliwa. Pesa iliyokuwa kwenye laini, pamoja na ile ya maziwa ya mama, imekwama. Kijana hakuiba. Lakini alisimama mlangoni wakati mali ya wizi inapita.

23/ Sasa tuangalie HOJA ZA WANASIASA zenyewe. Hoja A: "Wapeni vijana uhuru, kripto ndiyo ajira." Ukweli uko ndani yake. Kuna vijana wanaolipwa kwa kripto kwa kuandika programu, kutafsiri, kuchora, na mteja wa nje hawezi kuwalipa kirahisi kwa njia nyingine. Lakini hiyo ni malipo ya kazi, na kazi ndiyo inahitaji kutafutwa. Mwanasiasa anayekuahidi kripto bila kukuambia nani atawaajiri vijana wa Tulwet na Tarakwa amekupa mkoba mtupu.

24/ Hoja B: "Pigeni marufuku, inaharibu watoto." Hii nayo inapendwa na wazazi, tunaelewa. Lakini marufuku haitoi simu mkononi mwa mtoi. Inampeleka kwa vikundi vya siri ambako hakuna mtu mzima anayeuliza swali. Tumeona kwa kamari: sheria inakataza aliye chini ya miaka 18, na bado vijana wanacheza kwa laini za wakubwa. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa siku 30, kwa sababu yalikuwa yanawafikia watoto hata saa za vipindi vyao. Kukataza kunasaidia pale tu mtu anafuatilia.

25/ Na tuseme wazi kuhusu kamari, kwa sababu kijana mara nyingi haoni mpaka. Akishaingia kwa programu ya kripto, kubonyeza mara mbili kunamfikisha mahali anaweza kubashiri bei kwa pesa ya kukopa, mara kumi ya alichonacho. Bei ikisogea kidogo tu upande mbaya, yote imeenda, kwa dakika. Hiyo si pesa ya matumizi tena. Ni ile ndege ya kubeti ikiwa imevaa suti.

26/ Hoja C: "Kripto inakupa usiri, serikali haikuoni." Baada ya Juni 2024 hoja hii ina uzito kwa vijana, na si ya kudharauliwa. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na pendekezo la kuipa mamlaka ya ushuru nafasi kwa data za watu nje ya masharti ya ulinzi wa data, kabla mswada wote haujaondolewa. Watu walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini daftari la bitcoin ni la wazi kwa dunia nzima na halifutiki. Ukishabadilisha kwa M-PESA, jina lako limeungana na anwani yako. Usiri wa kripto kwa mtu wa kawaida ni kama kujificha nyuma ya pazia jepesi taa ikiwaka.

27/ Na kuna somo la usiri lililotupitia hapa nyumbani. Mwishoni mwa Julai 2023 Wakenya walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, wapewe sarafu za kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Wengi walifika pale kwa sababu njaa ilikuwa nyumbani, tusiwacheke. Lakini mfundishe kijana hili: kripto ya bure, uliza wanachukua nini. Sarafu unaweza kuuza. Macho utabaki nayo yaleyale.

28/ BASI NYUMBANI TUFANYE NINI? Kwanza, pesa ya matumizi ibaki shilingi. Kuna M-PESA Go kwa watoto wa miaka 10 hadi 17, mzazi anasajili na anaona matumizi. Kuna akaunti za watoto kwa benki na sacco. Kwa aliye bweni ambako simu haziruhusiwi, ni taslimu au akaunti ya shule, kama zamani. Hakuna aibu kwa njia ya zamani inayofanya kazi.

29/ Pili, usimnyamazishe anayeuliza. Kijana anayeuliza kripto ni nini anauliza pesa ni nini, na hilo ni swali zuri kuliko mengi. Kaeni chini, mfuate bei ya bitcoin mwezi mzima kwa daftari la kawaida, bila kununua. Kila Jumapili aandike: elfu moja yangu ingekuwa ngapi leo? Mwisho wa mwezi atakuwa amejifunza kupanda na kushuka bila kulipa karo ya somo hilo.

30/ Tatu, kama binamu wa ng'ambo ameng'ang'ania kripto, apokee mtu mzima kwa jina lake mwenyewe, ageuze, ampe kijana shilingi. Nne, weka sheria ya nyumba: hakuna kukopesha kitambulisho, hakuna kukopesha laini, hata kwa rafiki wa darasa. Tano, ukitumiwa ujumbe unaoahidi pesa kuongezeka mara mbili kwa wiki, onyesha mtu mmoja mkubwa kabla ya kutuma chochote. Wezi wanaomba siri kwa sababu siri ndiyo inawalinda.

31/ Na kwa wale wa chuo walio na miaka 18 na 19: sheria inakuhesabu mtu mzima, kwa hivyo uamuzi ni wako. Lakini pesa ya HELB na ya mzazi ina kazi yake tayari: chumba, chakula, vitabu. Ukitaka kujaribu, jaribu na uliyoipata kwa jasho lako, na kiasi ambacho kikipotea chote hutalala njaa wala hutampigia mama simu ya uongo.

32/ Tunapoelekea 2027, mtu akija Cheptiret au Racecourse kuongea juu ya vijana na kripto, muulizeni maswali haya matano. Moja: unaongea juu ya uwekezaji, malipo ya kazi, kutuma pesa, au matumizi ya mtoto? Mbili: msimamizi gani amempa leseni huyo unayemsifu, na unalipwa kumsifu? Tatu: utafanya nini na laini na vitambulisho vya kukodisha?

33/ Nne: shule zetu zitafundisha lini watoto kuhusu pesa, na ni nani atawalipa walimu hao? Tano: unaweza kufanya nini leo kupunguza zile shilingi 29 za wakala, ambazo kila mtoto na kila mama hapa anazilipa? Hilo la mwisho halina makofi mengi, lakini linagusa watu wengi kuliko bitcoin.

34/ Jibu letu kwa ufupi. Kripto kama somo kwa kijana wa sekondari: ndiyo, na mzazi akiwa karibu. Kripto kama njia ya mtu mzima kupokea pesa kubwa kutoka nje: inawezekana, kwa uangalifu. Kripto kama pesa ya matumizi ya mtoto: hapana, kwa sababu inayumba, haikubaliki dukani, gharama yake kwa pesa ndogo ni kubwa, na ikipotea hakuna mlango wa kubisha.

35/ Una hoja tofauti? Iweke hapa chini na hesabu yake. Wenye watoto, tuambieni mnatumia njia gani kuwapa pesa ya shule na inawagharimu ngapi. Matusi tunafuta, kama kawaida. Wiki ijayo tunachambua bei ya mbolea: nani anaipanga, na kwa nini inamfikia mkulima ikiwa imechelewa. Mtumie uzi huu mzazi mmoja.